Kamera ndogo ya dijitali kwa picha za mbwa na paka: Mnunuzi atazame nini?

MBWA anapotoroka langoni jioni na asionekane hadi asubuhi, swali la kwanza ambalo jirani au bawabu wa mtaa humwuliza mwenyewe ni fupi: Yukoje? Hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba katika miaka yote ya kuishi na mnyama huyo, hazina hata picha moja inayoonyesha uso wake waziwazi. Picha zipo, tena nyingi. Lakini katika moja umesalia mkia tu pembeni, katika nyingine ni kivuli chenye macho mawili ya kijani yanayong'aa kama taa za gari, na katika ya tatu ni ukungu wa rangi ya kahawia unaopita mbele ya kochi.

Lawama hutupiwa mnyama kwamba hatulii. Ukweli ni kuwa mara nyingi kosa lilitendeka dukani, siku ile kamera iliponunuliwa.

Isitoshe, muda wa kurekebisha kosa hilo si mrefu. Mbwa wengi huishi kati ya miaka 10 na 13, na paka aliyetunzwa vyema hufikisha 15 au hata kupita. Mtoto aliyeletewa kijibwa akiwa darasa la kwanza huenda akamzika kabla ya kumaliza chuo. Kinachobaki ni picha, ikiwa zilipigwa.

Ndiposa anayetaka kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni, kwa ajili ya kupiga picha wanyama wa nyumbani, anapaswa kuyafahamu mambo ambayo wauzaji hawayataji sana. Mnyama ni kiumbe mwendaji asiyesikia amri ya kutabasamu, na aghalabu huonekana mahali penye mwanga hafifu. Kamera inayomfaa ni ile inayoweza kupokea mwanga mwingi kwa muda mfupi sana, na kulenga kabla hajageuza uso. Mengine yote ni ya ziada.

Hadaa ya megapikseli

Katika miaka ya 2000, kampuni zilishindana kwa idadi ya megapikseli kana kwamba hicho ndicho kipimo pekee cha ubora. Kamera za megapikseli 2 zilifuatwa na za 5, kisha 8, na kufikia mwisho wa mwongo huo kamera za bei nafuu zilikuwa zimepita 12. Namba hiyo ilibandikwa mbele ya kamera kwa herufi kubwa, na hata leo ndiyo inayotajwa kwanza na muuzaji.

Hesabu ndogo tu yatosha kuonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Picha ya kawaida ya albamu, yenye upana wa inchi 6 na kimo cha inchi 4, ikichapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji pikseli 1,800 kwa 1,200. Hizo ni zaidi kidogo ya megapikseli 2. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 huhitaji karibu megapikseli 9. Kwa hivyo kamera yoyote yenye megapikseli 10 au 12 inamtosha mtu anayetaka kumtundika paka wake ukutani, na kuongeza mpaka 20 hakumfanyi paka huyo aonekane vizuri zaidi ikiwa alikuwa ukungu tangu mwanzo.

Jambo la maana zaidi ni ukubwa wa kile kibao kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ambacho wataalamu hukiita kihisi. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zilitengenezwa na kihisi chenye upana wa takriban milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, yaani kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kamera za daraja la juu zina kihisi kinachoitwa cha inchi moja, ambacho, licha ya jina lake, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni mara nne ya lile la kwanza. Zipo pia chache zenye kihisi cha milimita 23.5 kwa 15.6, kama zile za Fujifilm za jamii ya X100, na hapo eneo ni karibu mara 13.

Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa muda uo huo. Kidogo kinapokosa mwanga, kamera hulazimika kuukuza ule uliopatikana, na matokeo yake ni picha yenye chenga kama za televisheni iliyopoteza mawimbi. Manyoya ndiyo huathirika kwanza: hugeuka yakawa kama blanketi lililolowa.

Jioni ya ikweta

Huenda msomaji akasema kwamba Kenya ina jua tele, basi hofu ya mwanga ni ya nini? Lakini mtu atazame ni wakati gani hasa huwa pamoja na mnyama wake. Mfanyakazi wa mjini hutoka asubuhi na kurejea saa kumi na mbili jioni. Katika eneo la ikweta, jua hutua mapema na magharibi hupita haraka. Kufikia saa moja usiku ni giza totoro. Paka yumo sebuleni chini ya balbu moja, na mbwa amefunguliwa uani penye taa ya ukutani. Hapo ndipo michezo yao huanza, na hapo ndipo kamera hutolewa.

Wikendi, kwa upande mwingine, huleta tatizo la kinyume. Jua la saa sita huwa utosini, na kivuli cha paji la uso huyafunika macho ya mbwa. Dawa yake haina gharama: mnyama apelekwe chini ya mti au barazani, ambako mwanga ni mwororo na bado unatosha.

Kwa picha za jioni, baada ya kihisi, mnunuzi atazame tundu la lenzi. Ukubwa wake huandikwa kwenye lenzi yenyewe kwa namba kama f/1.8 au f/5.6, na wengi huchanganyikiwa kwa sababu namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Tofauti baina ya hizo mbili si haba. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile ya f/5.6.

Katika sebule yenye taa ya wastani, ikiwa lenzi ya f/1.8 yaweza kufungua na kufunga kwa sekunde 1 ya 250, ile ya f/5.6 itahitaji karibu sekunde 1 ya 25 ili kupata mwanga uleule. Katika muda huo wa pili, paka anayejilamba huwa ameshapeleka kichwa chini na kukirudisha.

Kuna mtego hapa. Lenzi nyingi huandikwa namba mbili, mathalani 1.8-4.9, kama ilivyokuwa katika Sony RX100 ya kwanza iliyotoka mwaka wa 2012. Namba ya kwanza ni ya picha pana. Ya pili hutumika mtu anapovuta kitu kilicho mbali. Anayeketi kwenye kochi na kumvuta mbwa aliye mlangoni hubaki na namba ile mbaya zaidi. Canon PowerShot G7 X Mark II ya mwaka wa 2016 iliandikwa 1.8-2.8, na kwa picha za ndani hiyo ni tofauti inayoonekana kwa macho. Aidha, uwezo wa kuvuta kwa lenzi usichanganywe na ule wa dijitali, ambao hukata tu kipande cha picha na kukitanua.

Mwendo wa mbwa

Mbwa anayekimbia kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa huenda zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Kamera ikiwa imefungua kwa sekunde 1 ya 60, huwa amesogea sentimita 14 kabla haijafunga, na sentimita 14 ni zaidi ya upana wa kichwa cha mbwa wengi. Kwa sekunde 1 ya 1,000 huwa amesogea milimita 8 tu. Kwa hiyo picha za mbio zinahitaji kasi ya 1 ya 500 hadi 1 ya 1,000, ilhali paka aliyejinyoosha dirishani hutosheka na 1 ya 125. Mnunuzi ahakikishe kwamba kamera inamruhusu kuchagua kasi hiyo mwenyewe. Zipo zinazojiamulia kila kitu, na kwa kawaida hazijui kama kilicho mbele yao ni mbwa au meza.

Adui mwingine ni uzembe wa kamera yenyewe. Wengi waliozitumia zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka: mtu alibonyeza kitufe, kamera ikafikiri, na ilipolia mnyama alikuwa ameshaondoka. Kuchelewa huko hutokana hasa na kulenga. Ipo njia ya zamani ambapo lenzi husogea mbele na nyuma ikitafuta mahali picha inapokuwa kali. Ipo nyingine ambapo kamera hulinganisha mwanga unaoingia kutoka pande mbili za lenzi na kujua papo hapo isogee wapi. Hii ya pili ndiyo inayofaa kwa wanyama. Katika jamii ya Sony RX100, iliingia na toleo la tano mwaka wa 2016. Canon G7 X Mark III ya mwaka wa 2019 ingali inatumia ile ya kwanza, japo ni kamera nzuri kwa mambo mengine.

Uwezo wa kamera kumtambua mnyama si jambo geni vile. Mwaka wa 2010 Fujifilm ilitoa FinePix Z700EXR iliyotafuta nyuso za mbwa na paka, na Pentax ikafanya vivyo hivyo katika Optio I-10. Lakini mnyama alihitaji kuitazama kamera uso kwa uso, nayo ni nadra paka kukubali. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 2019, kamera zilipoanza kufuata jicho la mnyama hata anapotembea. Sony RX100 VII ya mwaka huo ilikuwa na uwezo huo, pamoja na kupiga picha 20 kwa sekunde moja. Fujifilm X100VI ya mwaka wa 2024 nayo hutambua wanyama na ndege.

Hata hivyo, mwenye mbwa mweusi asitarajie makuu. Kamera hulenga kwa kutafuta tofauti ya weusi na weupe, na uso mweusi wenye macho meusi hauna tofauti hiyo. Vilevile, kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kitu ni cha kijivu. Kikimwona mbwa mweusi hung'arisha picha mpaka manyoya yapauke, na kikimwona paka mweupe humfanya kama aliyegaagaa majivuni. Tiba ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: mweusi apunguziwe, mweupe aongezewe. Kamera isiyo na kitufe hicho, au iliyokificha ndani ya orodha ndefu za menyu, ina kasoro kubwa kwa kazi hii.

Macho ya kijani

Yale macho yang'aayo si hitilafu ya kamera. Mbwa na paka wana utando nyuma ya retina unaorudisha mwanga ili wapate kuona usiku. Flashi ya kamera ndogo imekaa karibu kabisa na lenzi, kwa hiyo mwanga huingia jichoni na kurudi moja kwa moja kwenye picha, ukiwa wa kijani, wa manjano au wa buluu. Binadamu hana utando huo. Wekundu wa macho yake hutokana na damu. Kwa sababu hiyo ile huduma ya kuondoa wekundu, inayosifiwa sana kwenye makasha, haimsaidii mnyama hata kidogo, kwani hutafuta rangi nyekundu pekee.

Fauka ya hayo, flashi humshtua mnyama, na baada ya mara mbili au tatu paka huanza kujificha kila anapoiona kamera. Mtu anayenunua kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi pana ananunua haki ya kutotumia flashi. Mlio wa kitufe pia uzimwe. Zipo kamera zinazopiga kimyakimya kabisa, ingawa njia hiyo huweza kumpinda mnyama anayekimbia, na chini ya baadhi ya balbu za LED huleta michirizi.

Skrini inayoinuka ni faida isiyopaswa kudharauliwa. Picha ya mbwa iliyopigwa na mtu aliyesimama huonyesha mgongo na masikio. Kamera ikishushwa hadi kimo cha pua yake, naye mpiga picha akatazama skrini kutoka juu bila kulala chini, sura yote hubadilika.

Je, simu haitoshi?

Kwa watu wengi, inatosha. Mwenye simu nzuri na paka mzee anayelala mchana kutwa hana sababu ya kutumia pesa zake. Kuna hata simu zenye kihisi cha inchi moja, kama Xiaomi 12S Ultra ya mwaka wa 2022. Simu hushindwa pale giza linapokutana na mwendo. Ili kupata picha safi usiku, hupiga picha kadhaa na kuzichanganya kuwa moja, na mnyama aliyesogea katikati huungana na nafsi yake akawa na masikio matatu. Pia, nyingi hazina lenzi ya kuvuta mbali yenye tundu la kutosha.

Simu ndizo zilizoliua soko la kamera hizi. Takwimu za CIPA, muungano wa watengenezaji kamera wenye makao Japani, zaonyesha kwamba mwaka wa 2010 zilisafirishwa zaidi ya kamera milioni 100 zenye lenzi isiyobanduka; mwaka wa 2023 hazikufika milioni 2. Casio ilijiondoa mwaka wa 2018. Zilizobaki zikawa za bei ghali: RX100 VII ilitolewa kwa dola 1,200 za Marekani na X100VI kwa 1,599, kabla ya kodi na faida ya muuzaji wa hapa.

Ndiyo maana wanunuzi wengi huishia kwenye kamera zilizokwisha kutumika, na si jambo la aibu. Sony RX100 ya tatu au ya tano, au Canon G7 X Mark II, ikiwa imetunzwa, humshinda kwa mbali mnyama mpya wa dukani mwenye kihisi kidogo na sifa nyingi. Lakini tangu vijana wa mitandao ya kijamii walipozipenda upya kamera kuukuu katika miaka ya 2020, bei za mitumba zimepanda, na pamoja nazo hila.

Ya kwanza ya kuchunguza ni kadi ya kumbukumbu. Kamera za zamani za Olympus na Fujifilm zilitumia kadi za xD, ambazo hazitengenezwi tena. Hata zinazotumia kadi za SD, zilizoundwa kabla ya mwaka wa 2006 kwa kawaida hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 2. Betri nayo iulizwe iwapo bado yapatikana. RX100 VII mpya hupiga takriban picha 260 kwa chaji moja, hivyo betri iliyochoka itazima kabla ya mchezo kuisha.

Ya pili ni vumbi. Lenzi ya kamera ndogo hutoka na kuingia, na kila itokapo hufyonza hewa. Ikiwa kamera iliishi mahali penye barabara za udongo, vumbi huweza kutua juu ya kihisi, na kuliondoa kunahitaji fundi wa kuifungua yote. Mnunuzi apige picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo, f/8 au f/11, kisha aikuze kwenye skrini. Madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ndiyo vumbi lenyewe. Mwenye mbwa wa shambani, apendaye matope na mito, huenda akafaidika zaidi na Olympus Tough TG-6 ya mwaka wa 2019, isiyoingia vumbi na inayozama mita 15 majini. Kihisi chake ni kidogo, ila lenzi huanzia f/2.0, na hulenga kitu kilicho umbali wa sentimita moja. Wafugao samaki na kobe wataiona faida yake.

Kuhusu ndege aliye tunduni, la muhimu ni kamera kukubali kulenga nukta moja anayoichagua mtu. Ikiachwa ijiamulie, hulenga nyaya.

Kabla ya kulipa, iwe ni katika maduka ya Luthuli au Moi Avenue jijini Nairobi au kwa mtu binafsi, mnunuzi aende na kadi yake ya kumbukumbu. Asiijaribu kamera mlangoni penye jua, mahali ambapo muuzaji hupenda kuionyesha. Aingie nayo kwenye kona yenye giza nyuma ya kaunta, azime flashi, aweke kasi ya 1 ya 250, kisha amwombe mtu apungie mkono mbele yake huku akipiga mfululizo. Ajaribu pia kulenga kitu cheusi, koti au begi. Akifika nyumbani azitazame picha hizo kwenye kompyuta: ikiwa vidole vya yule mtu vinahesabika, arudi kesho na pesa.